Mtarakwa wa Sinia

Mwezi uliopita nilikuwa Morogoro kwa shughuli ya kifamilia, na wakati wa kurudi tulisimama kwa wauza miche wa kando ya barabara. Nilishuka kununua mche wa mlimao. Badala yake nikajikuta mbele ya chungu kifupi chenye mti usiozidi urefu wa mkono wangu, wa jamii ile ya miti ya Krismasi, matawi yake yamezungushiwa waya. Kijana muuzaji akaniambia kwa fahari, "Hii ni bonsai, mama. Utaalamu wa Wajapani." Nikamwuliza waya atautoa lini. Akacheka, akasema waya ni urembo, hautolewi. Sikununua kitu. Nilirudi garini, na mwanangu aliyekuwa akiendesha, ambaye hulalamika kwamba sijui kunyamaza, hakusikia neno langu mpaka tunaingia Dar.

Nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Kwa kuwa wewe ni mtu wangu wa siku nyingi, nitakusimulia.

Nilizaliwa Usoke, mwaka uliofuata Uhuru, kwa baba mkulima wa tumbaku. Nilipofika umri wa shule wazazi walinipeleka Tabora mjini kwa babu na bibi, wazaa baba, ili nisome. Babu alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, vibatari, karai na makopo ya kumwagilia bustani, na asubuhi niliamshwa na vitu viwili, honi ya treni na nyundo yake. Baba yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Babu alipenda kusema kwamba yeye amerithi bega tu, mzigo hakuachiwa. Mimi aliniita mchumba, bibi akaniita mke mwenza, kama ilivyo ada ya mababu na wajukuu, na nililelewa katika ndoa hiyo ya watu watatu kwa chai ya asali na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, ambavyo mpaka leo nikivitafuna nasikia harufu ya ua ule.

Uani, juu ya gogo lililosimamishwa, palikuwa na sinia la udongo la mfinyanzi wa Uyui, na ndani ya sinia hilo mtarakwa. Huko kwao kwenye milima ya kaskazini mtarakwa ni mti wa mbao, unapita mapaa ya nyumba. Huu wa babu ulinifikia kiunoni ukiwa juu ya gogo lake, na ulikuwa umenizidi umri. Shina lake lilikuwa limepinda kama mzee anayeinuka kutoka kwenye mkeka. Ukivunja kijitawi kilitoa harufu ya penseli inayochongwa.

Mti haukuwa wake. Ulikuwa wa padri mmoja wa seminari ya Kipalapala, Mzungu aliyependa miti kuliko maongezi. Babu alikuwa akimpelekea makopo ya kumwagilia, na siku moja akamkuta anakunja tawi kwa waya. Babu, ambaye alikuwa akikunja bati wiki nzima, hakuwahi kuona mtu akikunja mti. Akawa kila akipeleka kazi anakaa chini, anatazama, mwisho anasaidia. Kabla tu ya Uhuru padri alihamishwa kwenda mbali. Akamkabidhi babu mti ule mmoja, akamwambia, "Mzee, nitunzie mpaka nirudi." Kwa babu, Mwislamu wa mjini aliyesali swala zake tano, maneno hayo yalikuwa na uzito mmoja tu. Ile ilikuwa amana, na amana atakuja kuulizwa juu yake.

Kila alfajiri baada ya swala alichomeka kidole udongoni. Udongo ukiwa na ubaridi, hakutia maji. Ukiwa mkavu mpaka pingili ya kwanza, alimwagilia polepole mpaka maji yatoke chini ya sinia. Machipukizi aliyadonoa kwa ncha za vidole, kamwe si kwa mkasi, kwa sababu mkasi huacha ncha za kahawia. Waya ulikuwa wa shaba, aliouchomoa kwenye dinamo mbovu na kuuchoma kwenye makaa ili ulainike, na aliuzungusha tawini kama unavyomfunga mtoto bendeji. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema, na baada ya hapo alisubiri miezi. Tawi likishashika umbo, alikata waya kipande kwa kipande. Hakuuvuta, maana kuuvuta kunachubua gome. Kila baada ya miaka minne au mitano, mvua za kwanza zikikaribia, aliung'oa mti wote, akapunguza mizizi, akaurudisha katika udongo wenye changarawe aliyoichekecha mwenyewe. Siku hiyo nyundo haikulia.

Mara moja tu alizembea. Mwezi wa Uhuru mji mzima ulitaka vibatari vya sherehe, babu akafua bati mchana na usiku, akausahau waya. Alipokumbuka, ulikuwa umezama ndani ya gome. Kovu lilibaki, limezunguka tawi la chini kama pete. Wageni wakiliuliza, alisema hiyo ni alama ya Uhuru, kila mtu aliyekuwapo anayo ya kwake.

Akanifundisha na mimi. Mtarakwa, aliniambia, si mwarobaini. Mwarobaini ukiukata kichwa unakucheka na kuchipua. Mtarakwa ukiuvua majani yote tawini, tawi hilo ndiyo basi. "Kwa hiyo usiwe na mkono mwepesi, mchumba. Mti huu hausahau."

Basi zikaja zile siku za Ujamaa zenyewe. Baba na mama kule Usoke walihamishiwa kijijini, mistari ya nyumba imenyooka, na barua zao zilijaa habari za shamba la pamoja. Mjini nasi tulilima kila kiwanja kilichokuwa wazi. Redio ilituambia siasa ni kilimo, na kwa kweli tuliamini, tena kwa furaha. Balozi wetu wa nyumba kumi, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa kuliko vikao vyake. Kiangazi kimoja, maji ya bomba yakitoka kwa foleni, alimkuta babu anamwagilia.

"Mzee, shikamoo. Huu mti hautoi tunda, hautoi kivuli, hata kuni hautoi, na maji unakunywa. Miaka yote haujakua. Huu si mti, huu ni bwanyenye."

"Marahaba, balozi. Mwache anywe, ni mgeni wa watu."

Waliokuwapo wakacheka, babu naye akacheka. Mimi niliona aibu mpaka masikioni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kiongozi wa bustani darasani. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba majivu ya jikoni ni chakula cha udongo, na kila mwanafunzi alileta kopo lake. Mchicha wetu ulikuwa na majani mapana kama sahani, mwalimu akanisifu mbele ya shule nzima. Nikirudi nyumbani nilimtazama yule bwanyenye wetu juu ya gogo, mdogo, kimya, hana faida. Nilimwonea huruma. Nikaona mti wa babu una njaa, na babu kwa uzee wake hajui.

Mwaka huo macho ya babu yalifunikwa na mtoto wa jicho. Baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alituma tiketi ya treni ili akapasuliwe huko. Asubuhi ya safari babu alinishika mkono, akauweka juu ya udongo wa sinia. "Kidole kwanza, maji baadaye. Usiuingize ndani. Usiongeze kitu." Nikaitika. Hilo la mwisho nililisikia vizuri kabisa, sitakudanganya kwamba lilinipita.

Wiki ya pili nikaanza kutia majivu. Nilichota jikoni, nikamwagia kuzunguka shina, nikatia maji, na bibi aliponiona akaniuliza nafanya nini. Nikamjibu kwamba ni somo la shule. Bibi, ambaye hakusoma na aliheshimu shule kuliko ilivyostahili, akaniacha. Niliendelea hivyo kila wiki. Mti haukukua, ila haukubadilika pia, nikahesabu kwamba unajiandaa. Nikamwandikia babu barua kwa mwandiko wangu bora: mti ni mzima, kijani kabisa, utakapokuja utashangaa.

Alirudi baada ya karibu miezi mitatu, ana miwani mizito iliyomkuza macho. Hakukaa, hakunywa maji, alikwenda moja kwa moja uani. Alisimama akautazama, akasema Alhamdulillahi, na mimi moyo ukanijaa. Kisha akashika ncha ya tawi. Majani yakakatika mkononi mwake kwa mlio mdogo, kama majani makavu ya chai. Kwa ukucha akakwangua gome kidogo. Chini yake panapaswa kuwa kijani chenye unyevu. Palikuwa pa kahawia.

Mtarakwa ndivyo ulivyo. Mizizi inaweza kuwa imekwisha mwezi mzima, na majani bado yana rangi. Babu aliinama, akapapasa ganda jeupe juu ya udongo, ile chumvi ya majivu inayounguza mizizi ya siniani, akanusa kidole. Akamwambia bibi kwa upole, "Huu umekufa zamani. Haujapata habari tu." Hakunigeukia. Niliingia ndani nikajifanya naosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Hazikupita siku kumi, mtunza bustani wa Kipalapala akaja kwa baiskeli. Padri yule amerudi kutembea, kesho kutwa atakuja kumsalimu rafiki yake fundi.

Jioni ile bibi, akichambua mchele, alisema kile ambacho mimi nilikuwa nakiomba moyoni. "Mpe hivyo hivyo. Bado una kijani. Ataondoka nao, utamfia mwenyewe njiani. Nani atajua?"

"Mimi," babu akasema.

"Miaka yote hii umeulea. Leo uonekane mtu asiyeaminika?"

"Amana hairudishwi kwa hila, mke wangu. Bora nionekane hivyo."

Padri alikuja, mzee, ndevu nyeupe, Kiswahili chake bado kina Kinyamwezi ndani yake. Nilimwamkia, nikaagizwa kuleta kahawa. Niliporudi na sinia la vikombe alikuwa ameuona mti na anaunyoshea mikono miwili, uso wake umefunguka kabisa. "Mzee wangu, umeutunza!"

"Usiushike kwa furaha, padri," babu akasema. "Umekufa. Umekufa mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyeuua, kwa kutojua kwangu. Naomba uniwie radhi."

Nilisimama na vikombe. Sentensi moja tu ilitakiwa kutoka kinywani mwangu, na nilikuwa nayo, nimeipanga. Haikutoka. Kahawa ilimwagika kidogo kwenye sinia, nikawa natazama kahawa.

Padri alishusha mikono. Mwisho akasema, "Lakini, mzee, mimi nilikupa. Haikuwa kwamba utanirudishia."

"Ulisema nitunzie."

Padri akainamisha kichwa. Nadhani ndipo alipojua kwamba neno alilolisema kwa adabu ya kuagana lilikuwa limebebwa miaka yote ile. Akasema, "Niko radhi, rafiki yangu. Niko radhi kabisa." Walikunywa kahawa, na alipoondoka babu alimsindikiza mpaka barabara kubwa.

Kesho yake babu aliniita uani na koleo lake dogo. Matawi mawili yalikuwa bado na waya. Alisema tuutoe. Nikamwuliza wa nini, na mti umeshakufa. Akaniambia maiti akishawekwa kaburini vifundo vya sanda hulegezwa, haachwi na kamba. Tukakata kipande kwa kipande, yeye ameshika tawi, mimi nimeshika koleo, bila kuchubua gome ambalo halikuwa na haja tena ya kuhurumiwa. Tulipofika kipande cha mwisho, akauliza bila kuniangalia, kwa sauti ileile ya kuuliza kama chai imeiva:

"Ulikuwa unatia viganja vingapi?"

Sikujibu. Alisubiri. Kisha akaviweka vile vipande vya shaba kwenye kopo, akaenda kufua bati, na hakuuliza tena. Alifariki kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, na kati ya siku ile na kifo chake tulikula naye sahani moja mara nyingi, nikapata nafasi zaidi ya mia za kumjibu.

Leo Tabora hununui ndoo ya bati kwa fundi, ni plastiki tupu. Mtaa wetu umejengwa maduka, na pale palipokuwa ua wetu panauzwa simu. Foleni za bomba zimekwisha, na balozi na bibi na mwalimu wote wako chini ya udongo. Sidhani kama yupo mtu mjini pale anayekumbuka kwamba fundi bati mmoja aliwahi kulea mti wa mtu mwingine bila kulipwa, bila hata kuandikishwa. Watu wa namna hiyo, wa kuambiwa neno moja wakalishika, ndio ninaowakosa kuliko mji wenyewe.

Vitatu, babu. Kila Ijumaa, viganja vitatu.