Kiwanja Changu cha Mchanga Miyuji

Nilipostaafu nilikimbia baridi ya Njombe, nikajenga Miyuji, Dodoma. Magoti yakapona, na siku hizi za soko huria mji unakua kweli. Nilichagua kiwanja chenye mchanga mweupe, safi, ambacho wenyeji wote walikikwepa. Jirani yangu, Mama Chiku, alinionya, "Baba, hili ni korongo." Nikamjibu nimefanya kazi ofisi ya ardhi maisha yangu yote, kiwanja kizuri nakijua.

Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, niliwashawishi wastaafu wenzangu wahamie huku. "Ubaya wa Dodoma ni mmoja tu," nikasema. "Maji hayafiki nyumbani."

Mama Chiku akaja mbio, viatu mkononi.

"Shikamoo, baba. Mvua imenyesha huko juu. Godoro lililopita kwangu sasa hivi, si lako?"