Dada Asiyejua Moto

Siku niliyohamia nyumba yangu ya Sepuka nilichinja mbuzi wawili. Ramani ya nyumba hiyo niliichora mwenyewe, na tangi la maji lililoko juu ya paa ndilo la kwanza katika kitongoji chetu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Niliondoka hapa nikiwa mbeba zege, nikaenda Zambia kufunga pampu migodini, nikasoma nikiwa kazini mpaka nikapata diploma ya uhandisi wa maji. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Aliyenilea ni dada yangu, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa jikoni.

Dada alikuwa mpishi wa harusi na misiba kuanzia kwetu hadi Issuna. Sufuria kubwa la ugali huepuliwa na watu wawili. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa anajiviringishia vitambaa viganjani, lakini Dada alikuwa akilishika kwa mikono mitupu na kuliweka chini taratibu. Watu walimsifu kwa hilo miaka mingi. Mimi nilimsifu kuliko wote. Siku hiyo niliwaita wageni waje mpaka jikoni, naye akalishika sufuria mbele yao.

"Njooni muone," nikasema. "Hii ndiyo damu yetu. Sisi hatujui moto."

Mke wangu akadakia, "Wifi, hiyo mikono uliiazima kwa nani?"

"Kwa mama yako. Akaniambia nisirudishe."

Watu wakacheka, naye akacheka, akainamisha kichwa na kukunja uso kama aliyepigwa kisogoni. Hapo ndipo niliposikia harufu, na haikuwa ya mbuzi. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeshika kwenye ukingo wa sufuria, na yeye bado anamtazama wifi yake, anatabasamu. Nilipomwambia, ndipo alipoangalia mkono wake.

"Kumbe," akasema.

Wageni walipoondoka alinieleza yote. Mwiko ulikuwa unamponyoka. Vifungo vya gauni alikuwa anafungiwa na jirani. Alinyamaza kwa kuogopa watu wasije wakasema ni ukoma, na nani angekula ugali wake tena?

Daktari wa kwanza alituondolea hofu ya ukoma, kisha akatutuma, Dada, mke wangu na mimi, Dodoma kwa bingwa wa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Nilitegemea kukutana na mzee mwenye mvi. Tulipokewa na mwanamke mdogo kuliko mimi, akampa Dada shikamoo kabla hajaketi. Akamwambia afumbe macho, akampitishia pamba mkononi.

"Unasikia nini, mama?"

"Pamba."

Akamchoma kwa ncha ya sindano.

"Na sasa?"

"Hiyo nayo pamba."

Daktari akauliza, "Ukikohoa au ukicheka, kichwa kinauma?"

"Kisogo. Ndiyo maana huyu wifi yangu simwelewi, ananichekesha makusudi."

Baada ya kipimo cha MRI alituonyesha picha. Ndani ya uti wa mgongo, katikati ya ule mshipa mkuu wa fahamu, kulikuwa na kifuko kirefu cha maji, kuanzia shingoni hadi kati ya mabega. Kilikuwa kinaukandamiza mshipa kutoka ndani, na nyuzi za kusikia moto na maumivu ndizo zilizoumia mwanzo. Nguvu za mikono zilikuwa zinafuata.

Mimi ni mtu wa maji, sikuweza kunyamaza. "Daktari, toboeni hicho kifuko, maji yatoke."

Hakukasirika. "Kaka, bomba likijaa presha kwa sababu limeziba mbele, wewe unalitoboa?"

"Hapana. Natafuta palipoziba."

"Basi nami natafuta hapohapo."

Akachora kwenye karatasi. Sehemu ya chini ya ubongo ilikuwa imeshuka na kuziba mahali kichwa kinapokutana na shingo, maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo yakakosa njia. Angetoa kipande kidogo cha mfupa wa kisogoni, apanue utando unaofunika ubongo, njia ifunguke, na kifuko kingepungua chenyewe. Nimechora michoro mingi maishani, na najijua kuwa naweza. Ule mchoro wake ulinishinda. Nilimwambia angefaa kuwa mhandisi wa maji, akashukuru kwa heshima.

Dada aliuliza jambo moja tu. "Nitasonga ugali?"

"Nguvu iliyobaki nitapigania isipotee. Hisia ya moto iliyokwisha kuondoka siahidi kuirudisha."

Dada akafikiri. "Nipasue," akasema.

Alipasuliwa asubuhi. Wiki za kwanza shingo ilimtesa sana. Miezi ilipopita tukarudi kupigwa picha nyingine, na kile kifuko kilikuwa kimenywea kama puto la jana. Vifungo sasa anafunga mwenyewe, polepole. Moto bado hausikii mikononi. Maji ya kuoga anayapima kwa mguu, kwa sababu miguu haikudhurika.

Halafu akaitwa kupika harusi Issuna. Mimi na mke wangu tulimsindikiza, mimi nikijidai naenda kukagua pampu ya kijiji. Ugali ulipoiva wanawake wote waligeuka kumtazama. Akachomoa vitambaa viwili kiunoni, akavikunja mara mbili, akajiviringishia viganjani bila haraka.

Mke wangu akaanza. "Wifi, leo umerudisha mikono ya watu?"

"Nimeirudisha. Mama yako alikuwa ameshachoka kula kwa kijiko."

Jiko zima likaangua kicheko. Dada naye akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, mikono yote miwili iko kwenye sufuria. Uso wake haukukunjamana hata kidogo. Yeye na mwenzake wakahesabu, wakaliepua, likatua chini bila kuyumba.

Mimi, mwenye diploma na tangi juu ya paa, nilikuwa nimesimama nyuma yake na taulo mbili nene mkononi, endapo vile vitambaa visingetosha. Vilitosha.