Nukta Pacha za Sista

Siku ya kumi ya mafunzo, mwalimu wa kompyuta alikuwa hoi bin taabani. Nyumbani alikuwa na watoto pacha wa miezi mitatu, waliokubaliana kulia kwa zamu. Darasani alikuwa na watu wazima ishirini na wawili waliokuwa wakijifunza kuandika kitanzi, yaani amri ya kuifanya kompyuta irudie jambo lile lile mara kadhaa.

"Mwalimu, imekataa!"

Anakwenda, anainama. Mwisho wa mstari hakuna nukta pacha. Anaziweka, kompyuta inahesabu moja hadi kumi, mwanafunzi anachekelea, na mkono mwingine tayari uko juu. Huyu kafungua mabano hakuyafunga. Yule kasahau kusogeza mstari wa pili ndani. Makosa madogo kama punje za mtama, lakini mgongo ulimuuma kama wa mpagazi.

Saa tisa alasiri akafika kwa muuguzi mstaafu, mama ambaye darasa zima lilimwita Sista. Akanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Toa mkono, mwanangu. Siku kumi unanirekebishia, nikifika nyumbani siwezi chochote."

"Ni nukta tu, mama. Sekunde moja."

"Hata kuchoma sindano ni sekunde moja, ila nilijifunza kwa mkono wangu. Hebu kaa."

Akakaa. Aliona haya, maana ni kweli: alikuwa akirekebisha upesi ili wanyamaze. Sista akavaa miwani, akaanza kusoma mstari wake kwa sauti, alama moja moja.

Mwalimu hakusikia mwisho wake.

Alipozinduka, dakika arobaini zilikuwa zimepita. Kila meza watu walikuwa wakisoma mistari kwa kunong'ona. Fundi cherehani na dereva walibishana chini chini kuhusu mabano. Hakuna mkono uliokuwa juu.

"Mmeniacha nilale!"

"Na ulikoroma," Sista akasema. "Niliwaambia, atakayekuamsha atanikoma."

Mwalimu akainuka kukagua. Kumi na wanne walikuwa wamepata. Mmoja wa waliobaki alikuwa ameweka nukta pacha mwisho wa kila mstari, asije akapungukiwa. Mwalimu akacheka mpaka machozi yakamtoka, asijue ni kicheko au ni uchovu.

Kitanzi cha Sista kilihesabu vizuri, ila kikaishia tisa badala ya kumi. Mwalimu aliona kwa nini. Mkono ukamwasha, akautia mfukoni.

"Soma tena, mama," akasema, akivuta kiti.