Mwanga Unaotembea Mashuani

Maneno yalianzia kisimani: mpishi wa mashuani amepofuka, na aliyempofusha ni jiko lake mwenyewe. Kila aliyesimulia aliongeza lake. Mimi nina binti anayeitamani kazi hiyohiyo, na maneno yale yalining'ang'ania kama ndago shambani. Nikaenda kujionea.

Saa tano asubuhi, maji yametulia. Mashua ndogo imefungwa mtoni, nanga moja mbele, nyingine nyuma. Ndani yake kuna sahani pana ya bati linalong'aa, mfano wa ungo mkubwa. Imelikusanya jua na kulitupa lote chini ya sufuria nyeusi. Hakuna moshi, wala mlio wa kuni. Maharage yanachemka polepole kama yanayoota, na mwanga wa maji unacheza kwenye mbavu za mashua.

Mwenye jiko, wanayemwita Mama Kioo, hajapofuka. Anapanga bakuli za wateja wake, wachimba mchanga wa mtoni.

“Mama Kioo, leo jua limeiva?” anauliza mmoja, maji yamemfika kifuani.

“Limeiva. Mbichi ni wewe.”

Zamani alipikia kuni, mpaka cheche ilipotoboa ubao wa mashua. “Moto wa kuni mashuani ni kulala na nyoka kitanda kimoja,” anasema. “Jua nikaliona rafiki. Halina cheche, halinuni.”

Lakini nchi kavu jiko la jua hukaa ulipoliweka. Mashuani halikai. Mashua ikigeuka kidogo tu, ule mwanga hutoka chini ya sufuria ukaanza kutembea. Mama Kioo aliutafuta kwa macho matupu siku nyingi. Miwani nyeusi alikuwa nayo, akaivua. “Nikiivaa, maharage mabovu na mazima ni mamoja,” anasema.

Sasa jicho la kulia lina doa. “Ni kama mwezi mdogo unaotoka mchana,” anasema kwa sauti ya mtu anayesimulia ndoto. “Nikikutazama dada yangu, umekukalia puani. Usicheke.”

Muuguzi alimwambia doa halitaondoka. Jicho la kushoto bado zima, ila akiendelea kuutazama mwanga, nalo litafuata njia ya mwenzake.

Ndiyo maana amesimamisha msumari kwenye ukingo wa sahani. Kivuli cha msumari kikipotea, anajua sahani imelielekea jua sawasawa. Siku hizi anatazama kivuli. Tabu ni mazoea. “Jicho ni kama mbwa wa jirani,” anasema. “Hujaliita, lipo.”

Nikiwa palepale, mchimba mchanga mmoja anafika na mtumbwi uliojaa, anaufunga ubavuni mwa mashua bila kuuliza. Mashua inazunguka taratibu, kama mtoto anayejigeuza usingizini. Mwanga unaiacha sufuria, unapanda benchi, unatua juu ya mtandio uliokunjwa. Mtandio unaanza kufuka moshi.

Shingo ya Mama Kioo inageuka. Naliona jicho lile zima likielekea kwenye mwanga. Katikati anajizuia. Anaupa mwanga mgongo, anapapasa gunia lililolowa, analitupa kinyumenyume juu ya sahani. Kivuli kinaingia mashuani. Mtandio anauchovya mtoni.

“Shemeji,” anamwambia yule mtu, “mtumbwi hufungwa nyuma, penye nanga. Ukifunga ubavuni unanigeuza.”

“Nisamehe, shemeji. Njaa haijui nyuma wala ubavu.”

“Basi leo utakula wa mwisho, ijifunze.”

Binti wa Mama Kioo ana mimba. Mwenyewe anapanga kuiacha sahani na kupikia jiko la sanduku, lile jeusi lenye kioo juu, linalopika polepole bila kukusanya mwanga mahali pamoja. Seremala ameshapima nafasi.

“Mjukuu akija, nataka kuuona uso mzima,” anasema. “Sitaki uso wenye mwezi katikati.”

Kwa binti yangu, na kwa binti wa mwenzangu, ya kuepuka ni haya:

Usiutazame mwanga ulio chini ya sufuria, hata kwa kufumba na kufumbua.

Usivue miwani ili uchambue maharage. Chambua nyumbani.

Usiiache sahani wazi ikiwa haina sufuria.

Usipike kwa nanga moja.

Usimruhusu mtu afunge mtumbwi ubavuni, hata awe shemeji.

Usingoje jicho liume ndipo uache. Jicho huungua kimya.