Nusu ya Maneno Aliyoachiwa Kaka

Barua pepe ya kampuni inayotukodishia seva ilinikuta kazini Korogwe, nikinywa chai ya rangi. Walisema wameihamishia kompyuta yetu kwenye mtambo mwingine, na kwa hiyo imezimwa na kuwashwa upya. Nilikasirika mpaka chai ikaniunguza ulimi. Kompyuta ile haikuwahi kuzimwa tangu siku niliyoiwasha, na nilijua vizuri sasa itadai nini.

Kompyuta yenyewe haishikiki. Ni kipande cha mtambo mkubwa ulioko nchi ya mbali, nasi tunaiona kwenye kivinjari tu. Ndani yake mlikuwa na diski iliyofungwa kwa maneno ya siri, na ndani ya diski sauti za wazee wa Mazingara, wakulima na wafugaji, wakieleza njia ya ng'ombe kwenda lamboni inapita wapi. Mimi ndiye niliyewarekodi. Walikataa katakata nakala kubaki kwenye simu ya mtu yeyote, maana simu ina mwenyewe na mwenyewe ana upande. Maneno ya siri wakayagawa kama wanavyofanya na kasha lenye kufuli mbili: nusu kwa wakulima, nusu kwa wafugaji. Niliwasifu kwa ujanja huo. Sikuwaza kwamba siku mashine ikiwashwa upya itasimama pale pale, haiendi mbele wala nyuma, mpaka nusu zote mbili zifike.

Nusu ya wakulima alipewa baba. Alipoona ugonjwa haumwachi, akamkabidhi kaka yangu mkubwa, amana. Na msimu huu, baba akiwa kaburini, kaka ndiye aliyelima mahindi juu ya njia yenyewe.

Mkutano wa kata ulikuwa Alhamisi, siku mbili mbele. Wafugaji walisema njia ipo, kaka alisema haijawahi kupita pale. Diski isipofunguka, ng'ombe wangeswagwa mahindini, na watu wa kwetu nawajua, wangetoka na mapanga. Mimi ningebaki dada wa mtu, niliyeficha sauti ili kumlinda. Nikajiapiza kwamba diski itafunguka hata kama nitagombana na ukoo mzima.

Nilianzia Kabuku, kwa mama wa Kimaasai aliyeshika nusu ya wafugaji. Nilimkuta barabarani na madumu yake ya maziwa.

"Shikamoo, yeyo," nilisema, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya yale maneno?"

Nikamwambia ndiyo. Akasema atakuja Alhamisi aandike mwenyewe, kwa sababu mimi pia nina kaka. Iliniuma, lakini ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Kaka nilimkuta shambani, akipalilia. Habari za mashine zilikuwa zimeshamfikia. Hakunyanyua uso.

"Mashine imekufa yenyewe," alisema. "Mimi sikuigusa. Kwa nini unahangaika kuifufua?"

"Haijafa. Inangoja nusu ya baba."

"Nimesahau."

"Basi njoo Alhamisi uwaambie watu kwa kinywa chako kwamba umesahau amana ya baba. Mimi sitakusemea."

Niliondoka bila kuaga. Nina hasira za karibu, na siku ile sikuona haja ya kuzificha.

Alhamisi ofisi ya kata ilijaa mpaka madirishani. Niliweka kompyuta ya mkononi mezani, nikaiunganisha na intaneti ya simu, nikafungua dirisha linaloonyesha ile mashine ya mbali. Maandishi meupe juu ya weusi yalikuwa yamesimama, yakidai maneno ya siri. Kaka alikuja. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na sikuelewa kwa nini. Akavuta kiti, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, wengine tukiwa tumegeuza macho. Akampisha yule mama wa Kimaasai. Mama naye akaandika.

Mashine ikajibu kwamba maneno hayo siyo.

Wakarudia. Siyo. Mara ya tatu, siyo, na mashine ikaacha kuuliza.

"Ametudanganya," alisema mama, bila kupaza sauti. Watu wote wakamtazama kaka. Nami nikamtazama, kwa jicho baya kuliko la wote. Jasho lilimtoka.

"Wallahi ni yale yale aliyonipa baba," alisema.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimseme ndipo nikaiona namba. Juu ya yale majibu, mashine ilikuwa imeandika ukubwa wa diski iliyokuwa ikijaribu kuifungua, na diski ile ilikuwa ndogo mno kuwa yetu. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimeongeza diski ya akiba, nayo nikaifunga kwa maneno mengine, ya kwangu. Kwetu ukimwelekeza mgeni humpi namba ya nyumba, unamwambia nyumba ya pili ukitoka mashine ya kusaga. Nami ndivyo nilivyoiandikia kompyuta: fungua diski ya pili. Ilipohamishwa na kuwashwa upya, diski zikabadilishana nafasi. Muda wote tulikuwa tunabisha hodi nyumba ya jirani.

Nilisimama.

"Kosa ni langu," nilisema. "Siyo la kaka wala la yeyo. Nipeni muda."

Kuna mlango wa dharura mashine ikishindwa kuwaka. Nikaingia humo, nikafuta ule mstari niliouandika kizembe, nikaiandika diski yetu kwa namba yake ndefu ambayo haibadiliki hata ikihamishwa. Intaneti ilikatika mara mbili. Mtu akataka twende tukale kwanza, nikamkatalia. Kisha nikaiwasha upya, wakaandika tena, na diski ikafunguka.

Sauti ya baba ilitoka ya tatu. Alikohoa, akasema njia inatoka mbugani, inapita katikati ya shamba letu, na kwamba yeye aliikuta ipo, hakuichora. Kaka aliinamisha kichwa. Mwenyekiti alipomuuliza ana la kusema, alisema atayang'oa mahindi yaliyo njiani mwenyewe, kabla ya Jumapili.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika mbali na watu alisimama.

"Na wewe uliamini nimewadanganya?"

Ningeweza kukataa. "Niliamini," nilisema. "Nisamehe, kaka."

Akakung'uta vumbi kwenye kanzu.

"Nilipanga kuwadanganya," alisema. "Nilikuwa na maneno mengine tayari kichwani. Nilipogusa kile kidude, kidole chenyewe kikakataa. Halafu ndiyo mkanitazama vile."