Chupa Iliyofunguliwa Kimya

Geneviève alitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, akapanga chumba jirani na changu hapa Bwera. Kwao alikuwa akihudumia mezani kwa mapadri, huko ndiko alikojulia divai ya mapovu. Kwetu alipata kazi ya kuosha glasi pamoja nami, katika ukumbi wa harusi Kasese. Mimi nilikuwa na mtoto wangu Grâce mgongoni. Yeye alikuwa na hamu moja tu: awe mkuu wa wahudumu.

Rafiki yake alikuwa Biira, mhudumu wa kutoka Mahango. Walikula sahani moja. Geneviève alimfundisha yote: chupa ilale kwenye barafu, isitikiswe, na glasi iinamishwe wakati wa kumimina.

"Kizibo unashika tu. Chupa ndiyo unazungusha, polepole, kama mutoto anaachilia ziwa ya mama."

"Yaya, dada yangu, wewe na maziwa yako!" Biira alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi moja bosi Nobert akasema, "Geneviève, leo fungua chupa ya maharusi. Nikiridhika, ukuu ni wako."

Sasa, kwetu shampeni lazima ilipuke. Kizibo kigonge bati, povu liwalowanishe maharusi, ndiyo baraka yenyewe. Watu wakahesabu: moja, mbili, tatu! Geneviève akazungusha chupa. Psss. Basi.

"Imekufa hiyo!" mjomba wa bibi harusi akapaza sauti. "Mmetuletea soda ya juzi?"

Ukumbi ukacheka. Nobert akamgeukia Biira. "Wewe umefundishwa naye. Chupa hii ni nzima?"

Nilikuwa mlangoni na beseni la glasi. Mapovu yalikuwa yanapanda ndani ya glasi ya kwanza aliyomimina Geneviève, membamba kama uzi. Biira alikuwa anayatazama.

"Nilimwambia imeharibika, bosi. Hakunisikia."

Akachukua chupa nyingine, akaitikisa kwa nguvu. Pwaa! Vigelegele. Nusu yake ikaishia kwenye zulia.

Geneviève alitoa kitambaa cheupe mkononi mwake, akakiweka mkononi mwa Biira. "Shika. Mukono ikilowa, kizibo inateleza."

Biira akaangalia keki.

Glasi ya kwanza ilirudi kwetu jikoni, haijaguswa. Geneviève akanisogezea. "Onja, Mama Grâce. Iko imekufa?"

Nikaonja kidogo. Iliniuma ulimi.

"Iko hai," nikamwambia. Lakini pale tulikuwa sisi wawili tu, na maji machafu ya glasi.