Musenshi Anayengoja Nje

Mdogo wangu Sampa hamwamini Mungu, na tafadhali msinihurumie, nimeshazoea. Anatengeneza maboti ya mbao hapa Kashikishi, karibu na soko la samaki, na wateja wake wote ni watu wa kanisa. Hapa Nchelenge ukifahamiana na mtu leo, hamjamaliza salamu ameshakuuliza unasali wapi. Wengine hutaja kanisa lao. Sampa husema, "Mimi huwa napumzika tu," halafu anaendelea kupiga randa.

Msidhani ni mkorofi. Abiria wa Kilwa, kisiwa cha hapa ziwani kwetu, hawakubali boti iondoke ufukweni bila sala, na siku ambazo Sampa ndiye anayeendesha, huvua kofia yake na kusimama kimya mpaka Amina ya mwisho, ndipo awashe injini. Kwenye misiba yeye ndiye anayepigilia misumari ya jeneza, awe Mkatoliki, awe Msabato, kwake ubao ni ubao. Siku moja nilimuuliza nini kilimtoa kanisani, nikijiandaa kulia naye. Akaniambia, "Yaya, niliomba miaka mingi. Siku moja nikanyamaza ili na upande wa pili useme. Nikangoja, nikangoja, mwishowe nikasikia njaa, nikaenda kula." Yaya ni dada mkubwa kwa Kibemba, na dada mkubwa huyo alikasirika wiki nzima. Mimi ni mama wa kanisa, nina sare mbili.

Aliyetuletea shughuli ni Marie. Alikimbia vita Kongo, akapata shamba kule Mantapala pamoja na wakimbizi wenzake, na sasa karanga zake zinajulikana soko zima. Pia ndiye anayeongoza nyimbo katika kwaya yao. Kwaya ile iliagiza mabenchi kwa Sampa. Alipoyapeleka alimkuta Marie anaimba, na tangu siku ile mabenchi yale yakawa yanalegea kila wiki, mabenchi mapya kabisa, na fundi akawa anaitikia mwito kabla hajaitwa. Nikamwambia kama anataka kuoa aseme, mbao zina gharama.

Basi mwezi wa nane tukaenda Mantapala kwa desturi zetu. Mposaji hazungumzi, anazungumza mshenga, naye mshenga wetu alikuwa mzee Mulenga, jirani yetu. Alibeba zawadi ya posa ndani ya sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Upande wa mwanamke wakifunua, wamekubali. Wasipofunua, mnabeba sahani yenu mnarudi nayo, na njia nzima watu wanaona mnarudi nayo. Sampa alivaa shati jeupe na alikuwa ameacha kutafuna karanga za Marie, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Aliyetupokea ni Apollinaire, mjomba wa Marie, mwalimu wa kwaya, mtu mwenye kifua kipana na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuzungusha maneno, akauliza kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Papa Mulenga, kazi yake tunaijua. Utuambie kweli: ule kijana anasaliaka wapi?"

Sasa Kiswahili cha mzee Mulenga ni cha kununulia samaki. Bei anajua, kupunguziwa anajua, kukasirika kidogo anajua. Neno la kusema kwamba mtu hana kanisa halijui. Akachukua la kwetu.

"Nitasema kweli," akasema. "Sampa ni mutu muzuri. Lakini ni musenshi."

Kwa Kibemba musenshi ni mtu asiyebatizwa, asiye na dini, basi. Wazee wetu walilitoa kwenye Kiswahili zamani, na kila upande umelitunza kwa namna yake. Lakini Mkongo akilisikia, anasikia mshenzi, mtu asiye na adabu, wa kufukuzwa kwa fimbo. Apollinaire aliinuka kwenye kiti.

"Mushenzi? Unatuletea mushenzi, na unasema wazi wazi?"

Mzee Mulenga akafurahi kuona ameeleweka vizuri. "Ndiyo, musenshi kabisa! Lakini polepole atabadilika."

Marie alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitambaa kichwani, macho chini, kama inavyotakiwa. Kitambaa kilianguka.

"Nani mushenzi? Ule mutu anasalimiaka mpaka batoto! Mvua ilipoangusha nyumba ya mama Chouchou, nani alikuya na misumari yake mwenyewe? Na wewe, tonton, ulipougua malaria, nani alikubeba na baisikeli mpaka ku kiliniki? Ushenzi njo huo?"

Apollinaire, tonton wake, akakaa. Alikuwa mtu wa haki, hilo nampa. "Ni kweli, alinibeba," akasema. "Na ku mulima alishuka, akasukuma." Akafikiri kidogo, halafu akamgeukia mzee Mulenga kwa hasira mpya. "Papa, hauone haya? Unatukana mutoto wako mbele ya batu? Uyu kijana ana adabu kukupita wewe!" Na mkono wake ukaanza kuifuata sahani.

Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya kitenge nisicheke. Mtu wa kueleza pale alikuwa ni mimi, maana lugha zote mbili ninazo. Nikanyamaza. Nani asingenyamaza? Kidole kimoja tu na sahani ingefunuka, na mdogo wangu angepata mke. Nikamkazia Sampa macho, na moyoni nikamwomba Mungu amsaidie mdogo wangu adanganye kuhusu Mungu. Sala ile sijui ilifika wapi.

"Papa," Sampa akasema, "mzee hakunitukana. Kwetu musenshi ni mutu mwenye hana kanisa. Ni mimi. Mimi siamini Mungu."

Mkono wa Apollinaire ukasimama juu ya sahani. Nilitaka kumpiga Sampa kiatu, na papo hapo nilimpenda kuliko siku zote.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, papa. Nilijaribu."

"Lakini ungesema tu unaamini. Hapa nani angejua?"

"Marie angejua."

Apollinaire akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. "Na wewe, Marie, uliyajua haya?"

"Alinambia siku ya kwanza, tonton. Mbele hata ya kunambia jina yake."

"Ukimuoa," mjomba akamuuliza Sampa, "utamukatazaka kuomba?"

"Apana. Nitamuleta kila siku ya Mungu na baisikeli. Nitamungojea inje."

"Na mvua ikinyesha?"

Sampa akatazama mlangoni. Ilikuwa kiangazi, mbingu haina hata wingu la kusingizia. "Ikinyesha, nitaingia ndani," akasema.

Apollinaire akarudisha miwani. Akasema hakufurahi, tusije tukasema kwamba alifurahi, kwamba yeye angelala vizuri zaidi akimwoza Marie kwa mtu anayeitikia Amina. Kisha akaisukuma sahani mpaka kwenye mkeka. "Lakini haiko mimi nitaishi na yeye. Marie, ufungue wewe mwenyewe."

Alipotaja tu "Marie", sahani ya juu ilikuwa tayari mkononi mwa Marie mwenyewe. Nilipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Ndoa yao ilifungwa kwa mkuu wa wilaya, tukala kwa Apollinaire. Na Sampa ni mtu wa neno lake. Kila Jumapili alimpeleka Marie kanisani kwao Mantapala kwa baisikeli, akakaa nje kwenye tofali, na nyimbo zikianza aliimba kule kule kwa sauti nzito inayotikisa mabati. Apollinaire hana mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya yake. Jambo hilo lilimtesa sana. Akaanza kuombea mvua kila ibada, mwezi wa tisa, mwezi wa kumi, kwa bidii iliyowashangaza waumini, hadi siku moja wakamsikia Sampa akiitikia kutoka nje, "Amina! Karanga zinangoja mvua!"

Ilinyesha Jumapili moja ya Novemba, siku nilipokuwa mgeni wao, katikati ya mahubiri. Hakuna aliyemtazama tena mhubiri. Sote tuligeukia mlango. Sampa akaingia ameloa maji, kofia mkononi. Marie akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe. Apollinaire akatangaza sala.

Tulifumba macho wote. Najua Sampa hakufumba, kwa sababu nilichungulia. Paa lilikuwa linavuja pale walipokaa, na muda wote Marie alipokuwa akiomba, Sampa alishikilia kofia yake juu ya kichwa cha mkewe.